Nilivyomkemea Lewis Katikati ya Bluzi

Mwalimu Ogada, salamu nitakupa kesho. Nimesimama nje ya mkahawa mmoja wa mtaa wa kale wa Balad, hapa Jeddah, na sijui niuweke wapi uso wangu.

Leo mjukuu wangu Lewis alikuwa anajaribiwa. Akimpendeza mwenye mkahawa, atapiga kinanda chake cha mdomo hapa kila Alhamisi.

Kijana alivaa kofia ndani ya nyumba. Hilo nikamsamehe. Akafumba macho, akaanza bluzi yake, ule muziki wa huzuni wa Kimarekani, na nota ya tatu ikapinda, ikateremka kama mtu anayelia. Wewe unanijua tangu kwaya ya shule.

Nikasimama. Nikasimama, Ogada, mbele ya wageni wote. "Lewis, nota hiyo imeshuka. Rudia."

Akaipinda tena, huku akinitazama.

Nikasema, "Bado."

Akaipinda zaidi. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Risper, mke wa Lewis, akanivuta koti. "Babu, keti tafadhali. Kwenye bluzi nota hupindwa kwa makusudi."

Kwa makusudi. Yaani nimemharibia mtoto kazi kwa sababu amepatia.

Nikatoka nje. Mwenye mkahawa, Bwana Bawazir aliyekulia Mombasa, akanifuata. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la kijana.

"Mafi mushkila, hakuna shida, mzee. Nafasi ameipata. Lakini Alhamisi na wewe uje umkemee vilevile. Watu wamependa."

Nimemjibu kwamba mimi hukemea makosa, sikemei kwa maonyesho.

Kisha nikamuuliza tunaanza saa ngapi.