Watu wa Nyumba Moja

Jumatatu, 30 Machi 2020
Chai kavu, maziwa yameisha. Barua ya hospitali inasema nisitoke wiki kumi na mbili kwa sababu ya mapafu. Sitoki.
Asubuhi nimesahihisha tafsiri ya masharti ya serikali kuhusu korona. Nasra, muuguzi, anataka kuwapelekea Waswahili wa Hounslow na Hayes, huku London. Ameandika kwamba mtu asikae nje ila na "wale anaolala nao chini ya paa moja". Maneno mengi, tena yananuka Kiingereza. Nimeyakata kwa wino mwekundu. Nimeweka "watu wa nyumba moja". Fupi na sahihi.

Alhamisi, 2 Aprili
Karatasi imesambaa. Saumu amenipigia simu kunishukuru. Anafanya usafi uwanja wa ndege, na kila siku akitoka kazini hupanda basi hadi Hayes kumlisha kaka yake, Hamadi, na kumtoa nje kwa kiti cha magurudumu. Hamadi alipata kiharusi mwaka jana. Kiingereza chote kimemtoka, Kiswahili kimebaki. Hali chakula ila kwa mkono wa dada yake. Saumu anasema amesoma ile sentensi na moyo wake umetulia. Nimefurahi. Watu bado wanathamini lugha iliyonyooka.

Jumapili, 5 Aprili
Siku mbaya.
Polisi wawili wamewakuta Saumu na Hamadi bustanini, wameketi juani. Wakauliza kama wanatoka nyumba moja. Saumu akasema ndiyo, akatoa karatasi yangu kwenye mkoba, kana kwamba polisi wa hapa wanasoma Kiswahili. Wakataka anwani. Zikawa mbili. Wakaona amewadanganya. Faini, na amri arudi kwake papo hapo. Kiti cha Hamadi kilisukumwa hadi kwake na polisi.
Nilimweleza Saumu kosa lake kwenye simu.
"Mwalimu, mimi na Hamadi tumenyonya titi moja. Kama hiyo si nyumba moja, ni nini?"
"Kwao nyumba ni anwani, Saumu."
"Basi ungeandika anwani."

Jumanne, 7 Aprili
Nimeyasoma masharti upya, yote. Aya ya saba: anayemhudumia mgonjwa ameruhusiwa. Nasra aliitafsiri vizuri. Mimi niliongeza mkato tu. Saumu angesema "namhudumia mgonjwa", wangemwacha. Hakufika aya ya saba kwa sababu sentensi yangu ilimtosha.
Kosa ni langu. Si lake.
Nimepiga simu polisi. Muziki, karibu saa nzima. Kisha mwanamke mpole. Nimemfafanulia maana ya neno nyumba kwetu: jengo, na pia ukoo. Akaniomba nimtajie herufi zake moja moja. Nikamtajia. Akasema niandike barua.

Ijumaa, 10 Aprili
Barua nimeituma. Hakuna jibu.
Nimemwambia Saumu aende Hayes, sheria inamruhusu. Hataki. Makaratasi yake ya ukaazi yako serikalini, hayajarudi, na anaogopa jina lake lisiandikwe na polisi mara ya pili. Nikamwambia nina hakika.
"Hata mara ile ulikuwa na hakika, Mwalimu."
Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali.
Halmashauri imempelekea Hamadi mhudumu. Robo saa, barakoa, glavu. Hamadi akiona kijiko anafunga mdomo.

Jumatatu, 13 Aprili
Hamadi hajala tangu juzi. Anakunywa maji tu.
Nimevaa koti. Nimefika mlangoni. Kikohozi kikanishika, nikashika ukuta hadi kikapita. Nimevua koti. Miaka arobaini nimewaadhibu wanafunzi kwa kutosoma swali hadi mwisho.

Jumanne, 14 Aprili
Nasra amepita, amesimama mbali na dirisha. Amesema hata yeye angeelewa kama Saumu. Sikumwuliza kwa nini hakuniambia. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Alhamisi, 16 Aprili
Saa sita mchana nimempigia Hamadi. Mhudumu alimshikia simu sikioni. Nikamsihi ale, ajaribu japo uji. Kisha akasema, neno moja moja, kama anayesoma ubaoni:
"Saumu haji. Kwani sisi si nyumba moja?"
Nikamjibu kwamba ni nyumba moja.
Nikasikia kijiko kikirudishwa kwenye bakuli.