Kondoo Aliyesahaulika Stoo

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Sisi afya ni njema, ila nimefura kwa hasira, na nikinyamaza nitapasuka.

Yule mwalimu wa watoto kanisani hafundishi kwa maneno matupu. Akitaja chachu, analeta unga uumuke mbele yao. Akitaja taa, anaifunika kwa ndoo waone giza. Nilikuwa nikimsifu kila mahali. Jumapili hii zamu ikawa ya kondoo aliyepotea. Akambandika mwanao, Chiriku wetu, pamba mgongoni, akamficha stoo na kumwambia asitoe sauti mpaka mchungaji wa kondoo aje kumtafuta. Akafunga komeo kwa nje. Kabla wenzake hawajaanza kumtafuta, biskuti zikaletwa, wote wakatimua mbio, na mwalimu akawafuata kuwapanga mstari. Kondoo akasahaulika.

Nilipotoka kwenye mazoezi ya kwaya, mtoto hayupo. Mwalimu akaniambia, bila hata kupepesa macho, kwamba huenda ametangulia. Nikakimbia nyumbani, nikarudi, nikauliza kila duka, nikazunguka kanisa nikimwita. Nilipouona mfuko wa pamba mezani darasani, nikamuuliza mwalimu leo kondoo wake alikuwa nani. Akashika mdomo.

Tulimkuta ameketi kati ya mafagio, macho makavu. Badala ya kuomba radhi, mwalimu akasema angalau somo limemwingia. Hapo nikamtolea uvivu. Nilimwambia kwamba mchungaji anayemwacha kondoo akafuata biskuti hana la kumfundisha mtu. Mzee wa kanisa akaniomba nipunguze sauti, nikaongeza.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikisikia nyumbani. Nikiwa nambandua ile pamba, nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, yeye ambaye hafungi mdomo hata akila. Akasema alinisikia nikimwita pale dirishani, ila aliambiwa anyamaze. Akaongeza kwamba hata wewe ulimwambia hivyohivyo ulipomwacha kwangu: atulie, asisumbue, utakuja kumchukua. Ndiyo maana, akasema, huwa halii.

Mdogo wangu, nimemfokea mwalimu kwa sababu ya asubuhi moja ya stoo. Wewe ulimwacha meno yake ya mbele hayajang'oka. Sasa mapya yameshaota. Kila wiki namwambia mama yuko njiani, na uongo huo sitausema tena. Hasira niliyommwagia mwalimu ilikuwa yako. Usitume nguo nyingine. Njoo mwenyewe.

Wa nyumbani wote wanakusalimu, na majirani pia. Chiriku hajui kwamba nakuandikia. Ile pamba amekataa niitupe, ameiweka chini ya mto. Anasema bila hiyo hutamtambua ukija.

Ni mimi nikupendaye, na leo nikukasirikiaye,
Dada yako