Wanja Baada ya Eda

Maneromango, 1953

Mdogo wangu Mwanakheri,

Salamu zikufikie huko Soga. Huku hatujambo, ila nguruwe wameumaliza muhogo wa bondeni.

Eda ya marehemu mume wetu Pazi imekwisha, nikafungua kikebe changu cha wanja. Loo! Mkono unatetemeka, mstari ukapotelea kwenye makunyanzi. Liwa nayo ikakauka ikapasuka usoni kama tope la jaruba. Mke mwenzangu Swaumu akaninyang'anya kijiti. "Bi Mkubwa, mapambo ya usichana yaache. Wanja tia ndani ya jicho tu, na liwa uichanganye na mafuta ya nazi." Basi kila asubuhi ananipaka yeye, na kweli nang'aa.

Unanihimiza nirudi kwetu, nisikae na mwanamke niliyemchukia miaka tisa. Miaka yote hiyo nilijipamba ili Pazi asimtazame yeye. Jana Swaumu akinipaka, nikamwuliza, "Sasa tunajipamba atuone nani?"

Akanishika kidevu. "Kwani mimi sikuoni? Tulia, nisije nikakuchoma jicho."

Nikatulia. Usije kunichukua, mdogo wangu. Njoo ututembelee, na utuletee nazi.

Dada yako,
Mwanahalima