Mdomo wa Mama, Sauti ya Mwanaume

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Masanja,

Mwangaluka, mwana wa mayu, mtoto wa mama yangu. Mhola? Naomba karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yako mwenyewe, wewe na wifi yangu na watoto. Mimi Bwana ananishika. Wasichana wa hosteli wanakula kama jeshi na mgongo unalalamika, lakini asubuhi naamka. Huko mvua imeonja? Na mama anakula?

Juzi uliponiambia kwamba kikao cha kijiji cha Jumamosi ijayo kitaamua kama mama ahame Dutwa aende kwa mjomba kule Migato, simu ikakatika. Usisingizie mtandao, niliikata mimi. Tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno, na mbele yangu watoto wa watu walikuwa wanasubiri uji. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye karatasi mtu unafoka, unafuta, unaandika tena kwa adabu.

Sijawahi kukueleza nilivyokiona kile kipindi. Runinga ya hosteli iko ukumbi wa chakula. Nilipoona uso wa mama nilitupa mwiko, nikapiga kelele, "Njooni mwone mama yangu mzazi!" Wakajaa. Masanja, nilikuwa na fahari kama bibi harusi. Wale watu wa runinga walikuja kwetu kuuliza habari za pamba, kwa nini shamba la mama limekuwa jeupe na ya wenzake yameliwa na funza. Mama akajibu kwa Kisukuma. Lakini sauti yake wameizamisha chini, juu yake wameweka sauti nzito ya mwanaume kwa Kiswahili: "Nina dawa zangu za siri. Nilizifanya mapema. Walionipuuza, mali zao zimeteketea." Mdomo ni wa mama, sauti ni ya mwanaume. Halafu kamera ikayasogelea macho yake mpaka yakajaa kioo kizima. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa miti ya pamba, akitupikia mimi na wewe.

Msichana mmoja akaniambia, "Jamani, Mama Neema, kumbe bibi ni mtaalamu! Ndiyo maana wali wako hauungui!" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa sina pa kuficha uso. Hapa Dar ni utani. Kwetu, mama mzee mwenye macho mekundu akisemwa hivyo tayari ni mchawi, na wewe mwenyewe unajua inavyoishia.

Sisi tunajua mama alisema nini. Alisema bugota. Dawa ya homa ni bugota, ya kupe wa ng'ombe ni bugota, ya funza wa pamba ni bugota, na ya mganga pia ni bugota. Alisema alipiga dawa ya pamba mapema, akawahimiza wenzake, wakachelewa. Basi. Na Dutwa nzima walimwona na bomba mgongoni! Mama Nyanzobe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliliazima bomba lile lile wiki ile ile. Leo ndiye wa kwanza kuhama benchi kanisani mama akikaa. Nilimpigia, nikamuuliza imekuwaje. Akanijibu, "Kabula, mimi nimeona kwenye runinga kwa macho yangu." Nikamwambia, "Na shambani ulitazama kwa macho ya nani?" Akakata.

Hicho ndicho kinachonitesa, mdogo wangu. Sikichukii chombo chenyewe. Wasichana wangu wanajifunza humo Kiingereza, na mimi nimejifunza humo kupima sukari. Lakini kinafundisha kama mwalimu asiyeruhusu swali. Mtu anaacha alichokishika mkononi, anaamini kilichopita kwenye kioo kwa dakika mbili. Umeniambia hata watoto wenu wanacheza "kipindi", mmoja anashika gunzi kama kipaza sauti, anamuuliza bibi yake mwenyewe, "Bibi, umeroga wangapi?" Hawakuzaliwa na neno hilo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwenye kituo kile. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Namtafuta mama yangu. Yumo humo ndani, kwenye mkanda." Akanitazama kama mgonjwa. Nilipotaja Dutwa akashtuka: "Mwadila, mayu! Mimi wa Nassa, Msukuma mwenzako." Geti likafunguka.

Nilipelekwa kwa binti mdogo anayekata na kuunga vipindi. Binti wa watu, ana heshima. Akasema, "Mama, mimi Kisukuma sikijui. Tulisoma karatasi tuliyoandikiwa na mkalimani wa huko huko kwenu." Nikamwomba anifungulie ile picha ya kwanza kabla hawajaikata. Nikasikia sauti ya mama, Masanja, safi, kama yuko jikoni. Nikamtafsiria neno kwa neno. Yule binti akainamisha kichwa mezani.

Halafu mkanda ukaendelea. Mama ameshaondoka, kamera imesahauliwa ikiwa wazi, inaonyesha miguu ya watu. Mtangazaji anasema habari hii haina chumvi, pamba tu na pamba. Anauliza, "Hii bugota ni nini hasa?" Na mkalimani anajibu, ni Shija. Ndiyo, Shija wetu, mtoto wa baba mdogo, aliyekulia kwenye ugali wa mama tangu hajaota meno ya pili. Anacheka, anasema, "Ni dawa ya wadudu tu. Lakini mkisema ni mambo ya siri ya Kisukuma, hakuna atakayebanduka kwenye runinga." Wakacheka wote. Akaongeza, "Na jina langu mliandike vizuri pale mwisho."

Hakukosea kutafsiri, alijua. Alimuuza mama ili jina lake lipite chini ya kioo, herufi ndogo, ambazo hata mama hawezi kuzisoma.

Mkubwa wa binti alikataa kusahihisha, eti kipindi kimeshapita. Binti akanishikisha kitu kidogo mkononi, akasema, "Mama, mimi sijakupa kitu." Ndiyo hiyo flashi uliyoikuta ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Kondakta wa basi la Bariadi ameapa atakukabidhi wewe, si mtu mwingine.

Najua utasema, "Dada, ni ndugu, tumwachie Mungu." Mchungaji naye ameniambia nisamehe. Nimewasamehe, Masanja. Nimemsamehe Mama Nyanzobe, nimewasamehe waliorusha mawe kwenye bati la nyumba ya mama. Nimebakiza mmoja. Najua kisasi ni cha Bwana, na nimepiga magoti nikamwambia: Baba, sikunyang'anyi, lakini wewe una kazi nyingi, hii ya Dutwa niachie mimi. Hajanikataza bado.

Fanya hivi. Jumamosi kabla ya kikao, watu wakiwa gulioni, nenda kibanda umiza kile kile cha video walichojazana kumtazama mama. Ongea na mwenye kibanda mapema. Waite wazee wa kikao, mwite Mama Nyanzobe, waite watoto wa magunzi. Mama mkalishe kwenye kiti, si benchi, na usimweleze kitu. Shija mfuate kwake. Mwambie kuna kipindi kingine, na safari hii sauti yake mwenyewe inasikika. Hutakuwa umedanganya. Atapiga pasi shati.

Ikifika ile sehemu ya miguu, usizime, usieleze. Waache wasikie kwa masikio yao. Wakimaliza, usimpige na usiache apigwe, kipigo kinaisha. Nataka apate kile kile alichompa mama: apite kisimani asisalimiwe, aombe moto anyimwe, afiwe azike peke yake. Mpaka aje mwenyewe kwa magoti mbele ya mama, mchana, watu wakiona. Mama akimsamehe, ni moyo wa mama. Wangu usiuulize.

Nisalimie mama, mwambie magauni mawili yanakuja. Salamu kwa wifi yangu, kwa mjomba wa Migato ambaye alishaandaa chumba, kwa shangazi mwimbaji, aliyebaki kwenye benchi la mama peke yake, Bwana ambariki. Na Shija naye msalimie, kwa heshima zote za kindugu, mpaka pale mashine itakapowashwa. Baada ya hapo hana dada.

Ni mimi, niliyekubeba mgongoni,
Kabula