Rangi ya Dada Kabla ya Mvuke

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita ofisini, kafunga mlango. Nikajua kuna jambo. Yeye mlango huufunga akiwa na habari mbaya, au akiwa na karanga asizotaka kugawa.

Karanga hazikuwepo.

Kampuni ya mafuta ya kujipaka inabadilisha chupa. Chupa mpya ina kiuno, na lebo ya karatasi kiunoni haikai. Wanataka plastiki ya kusinyaa — unaivisha chupa kama soksi, unaipitisha kwenye tanuri la mvuke, inaibana chupa nzima. Sisi tuchape. Mchanganya wino ni mimi, kwa hiyo wino nichague mimi.

Akaweka lebo ya zamani mezani. Kana kwamba siijui! Dada yangu huyo, kiganja shavuni, anacheka. Bosi anajua, ndiyo maana ya mlango. Akasema mwenye kampuni hana subira: uso ukitoka na nyufa, au rangi ikikosewa, atautoa aweke ua. Atakuja Jumatano ya wiki ijayo kutia sahihi.

Ua! Ua la nini?

Sikubali. Na si kwa ajili yangu. Kidoti, mtoto wake, hana picha nyingine ya mama yake. Marehemu alikuwa adui wa kamera. Hata hii ilikuwa bahati tu — msichana aliyekodiwa hakutokea, wakamchomoa dada kwenye mstari wa kufungasha, wakampaka poda, wakampiga picha. Kidoti hata kuzaliwa bado. Chupa yake iko dirishani kwetu, na kila asubuhi mtoto huiamkia kabla ya kwenda shule. Shikamoo, mama. Nimemfundisha mimi. Mama alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne tu, hakumbuki kitu. Wakiweka ua, atabaki na chupa moja kuukuu inayobanduka lebo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na wino tunaochapia mifuko, kwa sababu ulikuwa karibu. Fundi mitambo — tunamwita Kelele, kwa kuwa hasemi — kachapa kipande, tukaivisha chupa, tukaitia mvukeni.

Plastiki imesinyaa. Wino umekataa kusinyaa nayo. Nyufa tupu! Mdomoni ndiko kulikozidi, palepale midomo ilipokuwa ikimpasuka dada wodini, mimi nampaka mafuta kwa pamba. Nikajikuta nimesimama katikati ya karakana nampapasa mdomo kwa kidole gumba. Chupa hiyo!

Kelele aligeuka akajifanya anatafuta spana. Mtu mwema yule.

Alhamisi, 6 Machi

Wino wa pili ni laini, haupasuki. Lakini unanuka, na haukauki vizuri. Tulizungusha roli jana, leo tunalikunjua — limegandana. Uso umebanduka ukanasa mgongoni mwa plastiki iliyo juu yake. Kwa hiyo nimekunjua mita nzima ya dada asiye na uso, na uso usio na dada. Nikalitupa roli zima. Bosi akauliza mbona umelitupa hata hujanionyesha. Nikamwambia akalitazame pipani kama ana moyo.

Mchana akaja muuza wino na kopo la aina ya tatu. Mcheshi kama kawaida yake. Mama, huu unafuatana na plastiki kama mume mwenye wivu! Nikamwambia ayaache maneno ya biashara. Lakini nimeufikicha mkononi, haukupasuka. Nimebandika utepe wa gundi nikaubandua kwa nguvu, haukung'oka. Hata harufu hauna.

Sijamsifu. Atapandisha bei.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimechanganya rangi ya uso kwa wino wa tatu. Asubuhi nzima. Nimeilinganisha na lebo ya zamani dirishani, kwenye mwanga wa jua, mpaka macho yakauma. Ikafanana! Watu wakaja kuangalia, hadi yule dada wa mapokezi. Bosi akanipigapiga bega.

Kisha mvuke.

Katoka mweusi wa kuogofya. Kama mtu aliyefungiwa jikoni na moshi, na kanuna! Dada hakuwahi kununa namna ile hata siku moja.

Nimejilaumu nusura nilie. Plastiki inaposinyaa, wino uleule unabanwa mahali padogo, rangi inakolea. Lazima uichanganye hafifu, imepauka, ukiamini mvuke utaikoleza. Namfundisha kila mwanafunzi anayepita pale: usilinganishe kabla ya mvuke! Halafu mimi mwenyewe, na watu wananipigia makofi. Nilitaka sana afanane pale mkononi mwangu. Ndilo kosa lenyewe.

Na sura yenyewe inachorwa imetanuka, mashavu mapana, ili kiuno cha chupa kikiivuta ikae sawa. Kwa hiyo mpana na aliyepauka.

Nimeandika maneno hayo sasa hivi, mkono umesita.

Jumapili, 9 Machi

Naijua rangi ninayoitafuta. Tangu Ijumaa naijua.

Ni ile ya wiki za mwisho, figo zilipokataa. Njano iliyofifia, kijivu kwa mbali chini ya macho. Uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari. Sihitaji sampuli, sihitaji mizani. Ninayo kichwani, nimeikimbia miaka mitano, na sasa kesho niichanganye kwa mikono yangu, ndoo nzima.

Naogopa. Basi, nimesema. Naogopa wino, mimi, mtu mzima!

Kidoti kaniuliza mbona unaosha sahani ileile. Nikamwambia ina mafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeichanganya. Haikunichukua muda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Njano, nyekundu kidogo, nyeupe, tone la bluu — na huyo hapo ndani ya ndoo. Nikafunika ndoo. Nikaenda kunawa. Nikarudi nikafunua, bado yumo.

Kelele akawasha mtambo.

Sijui niandikeje. Wakatoka wakifuatana. Dada, dada, dada, dada. Mashavu yamevimba, ngozi ile, macho mistari, na lile cheko la lebo limevutwa pembeni mpaka limekuwa kama mtu anayevumilia maumivu ili asitutie hofu. Alikuwa akifanya vilevile! Wamepita mbele yangu kwa kasi, juu ya silinda, chini ya silinda, wote wananiangalia. Nilitaka kuwaomba radhi wote, mmoja mmoja, sijui radhi ya nini.

Kelele, ambaye hasemi, akasema, "Nisimamishe?"

Nikatikisa kichwa. Ningesimamisha, wangesimama nao, na mmoja angebaki ananitazama.

Halafu tukakata kipande, tukaivisha chupa, tukaitia mvukeni. Na ikatoka upande wa pili... Amepona! Mashavu yamerudi mahali pake. Rangi yake ile ya kahawa yenye maziwa kidogo. Hakuna ufa. Anacheka, kiganja shavuni. Nimelia mbele ya watu wazima na sikuona haya. Bosi akasema ua limekwenda na maji, kesho kutwa mwenye kampuni atatia sahihi, kalamu yake hata haitasita.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimeimba bafuni.

Lakini nikifumba macho siwaoni waliopona. Nawaona wa kwenye roli.

Jumanne, 11 Machi

Nimetoka kazini mapema leo. Nimebeba chupa moja tupu na kipande cha plastiki ambacho bado hakijaona joto. Wazo langu lilikuwa zuri, nadhani bado ni zuri: niivishe chupa mbele ya Kidoti, niichovye kwenye maji ya moto, aone kwa macho yake mama anavyopona. Nimebandika sufuria. Nikaweka vitu mezani.

Yeye alikuwa akifanya hesabu zake. Akainua kichwa, akakiona kipande. Penseli ikasimama.

Akasema, "Mama."

Nikacheka. Nikamwambia ngoja, huyo bado, ngoja maji yachemke ndipo utamwona mama.

Akasema hapana, mama mdogo, huyu ndiye mama.

Nikamwonyesha dirishani. Na yule je?

"Yule ni wa chupa. Ulisema nimwamkie, nikawa namwamkia."

Adabu tu! Miaka yote hiyo, kila asubuhi, adabu tu kwa mgeni. Nimekaa.

Kisha akaanza kusimulia, taratibu, huku anapitisha kidole juu ya plastiki. Kwamba walikuwa wakimpandisha kitandani kwa mama. Kwamba shavu la mama lilikuwa kubwa na laini, akiliegemea alisinzia. Kwamba mama alikuwa na rangi hii hii, na macho madogo hivi, na alicheka hivi hivi, upande upande. Na mimi nilikuwa nimeapa hakumbuki kitu. Nilishukuru kabisa! Nilijiambia Mungu kampa mtoto usahaulifu. Ule uso nilioukimbia, yeye ndio alioulalia.

Kesho mwenye kampuni atatia sahihi. Maroli yote yatakayochapwa yatapita mvukeni, na huyu wa kabla ya mvuke hataonekana na mtu, isipokuwa mimi na Kelele. Nimehangaika wiki nzima nisimpoteze mama wa mtoto, na kazi yenyewe ilikuwa kumfuta.

Maji yanachemka. Nimemwuliza kwa upole, basi tujaribu hata kipembe kidogo tu, uone? Akakivuta kipande kifuani. Mama mdogo, usimtie kwenye maji.

Naandika ili nisiseme.

Ameniuliza sasa hivi kama joto la kifua linaweza kumsinyaza. Nimemwambia haliwezi, ni dogo mno. Amefikiri. Halafu kabeba kiti chake, kwa mkono mmoja, kaenda kukaa mbali na jiko.