Niliposema Tano

Alhamisi, jioni, Burumba, hapa Busia. Jua limewaka tangu asubuhi, na mawingu yamekaa upande wa Uganda kama watu wasio na kibali cha kuvuka.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Mimi ndiye fundi wa friji, kutoka Busia mpaka Malaba, na nikisema hivyo sijisifu, natoa habari. Nimefufua friza ya samaki Jinja. Juba nilikaa miezi mitatu, na wanajeshi walikuwa wananipigia saluti kwa sababu ya soda baridi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini hakuna kompresa iliyowahi kuniuliza cheti.

Leo mzaha umeniisha. Nimeharibu uso wa mtu.

Jumamosi iliyopita niliitwa kliniki moja ya ngozi hapa mjini. Mwenyewe ni Daktari, mama mpole anayeongea polepole. Wateja wake wanatoka pande zote mbili za mpaka kuja kudungwa sindano za urembo, za kulainisha makunyanzi, za kujaza shavu lililobonyea. Dawa zinakaa kwa friji ndogo, aina ile ile ya kuwekea maziwa nyumbani. Humo pia kuna chupa za dawa moja ambayo siku hiyo sikuijua. Kazi yake ni kuyeyusha ile ya kujaza, ikiingia mahali isipotakiwa.

Friji ilikuwa imeishiwa gesi. Nesi wa hapo, Sista Nafula, alikuwa amehamishia dawa kwenye kasha la kubebea chanjo. Akanisimamia kama mwalimu wa zamu.

"Fundi, nisikie. Mbili mpaka nane. Isishuke, isipande. Zikiganda zimeharibika, hata kama kwa macho ni nzima."

"Dada, mimi nimegandisha ng'ombe mzima Malaba."

"Hiyo ndiyo siitaki. Hapa hatuna ng'ombe."

Tukacheka. Nikatia gesi, friji ikanguruma vizuri. Nikaangalia ile nobu ya ndani, ya kuzungusha. Ina moja mpaka saba. Sista amesema mbili mpaka nane. Nane haipo, nikasema basi hii ni friji ya zamani. Nikaweka tano, katikati, kama refa.

Sista alikuwa anasema digrii. Mimi nilisikia namba za nobu.

Tano ya nobu si digrii tano. Ni kukaza baridi tu, na kwa friji iliyojazwa gesi mpya, tano inaweza kushuka chini ya sifuri, ukuta wa nyuma uote barafu. Hayo nayajua hata nikiwa usingizini. Lakini miaka yote hii sijawahi kumiliki kipimajoto. Wauza nyama na wauza samaki wanataka baridi kali, nami naipima kwa mkono. Mkono wangu ulikuwa haujawahi kukosea, au tuseme samaki hawajawahi kulalamika.

Nilikaa pale mpaka alasiri, ikashika baridi, Sista akarudisha dawa akaingia chumba kingine na mteja. Mimi nikikusanya spana, kipimajoto cha Sista, kile chenye kengele alichokiweka ndani ya friji, kikaanza kulia. Pii, pii, pii. Nikaona ni kitu cha bei rahisi kimeharibika. Fundi kama mimi nifundishwe kazi na kidude cha ukubwa wa kiberiti?

Nikatoa betri, nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi Sista akanipigia. "Boss, skrini ya kipimajoto imezima. Friji uliiacha kwa ngapi?"

"Tano, dada. Tano kamili."

Akaandika tano kwenye daftari lake la kila siku. Ukilifungua leo utaona Jumatatu nzuri kabisa.

Mteja wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa Mama Akisa, muuza vitenge wa Malaba. Mimi ndiye niliyemtuma. Ana shimo shavuni tangu utotoni, jino lilioza likala mpaka nje, na binti yake anaolewa mwezi ujao. Alikuwa anaogopa. Nikamwambia, "Nenda mama, hata friji ya huko imepita mikononi mwangu." Nilisema hivyo mbele ya wateja wake, kwa sauti.

Dawa ya kujaza, iliyokaa mlangoni mwa friji na haikuganda, iliziba mshipa wa damu. Daktari anasema hutokea hata kwa mkono makini, na ndiyo maana ile ya kuyeyusha lazima iwe karibu. Ngozi ikawa nyeupe, kisha ikaanza michirizi ya zambarau. Akakimbilia friji. Chupa zote zilikuwa zimeng'ang'ania ukuta wa nyuma, barafu tupu. Moja ilipoyeyuka aliijaribu, kwa sababu hakuwa na nyingine. Haikufanya kitu. Nyingine ililetwa kutoka Kisumu, ikafika alasiri, na kufikia hapo kipande cha shavu, ukubwa wa kifuniko cha soda, kilikuwa kimeanza kufa.

Haya nimeambiwa leo mchana, Daktari amesimama mbele ya friji. Sista tayari amerudishwa nyumbani kwa kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Kisha Daktari akaniuliza, "Fundi, wewe uliweka ngapi?"

Nikasema themostati za siku hizi ni takataka, zinajibadilisha zenyewe.

Ilitoka hivyo, laini, bila hata kumeza mate. Mdomo huu umenivusha vizuizi vyote mpaka Juba, na leo ulifanya kazi yake ya kawaida.

Nilitoka pale nikapanda pikipiki mpaka Busibwabo, nyumbani kwa Sista Nafula. Nikamkuta anapalilia maharagwe. Nikamweleza nobu, nikamweleza betri. Hakusimama mpaka alipomaliza mstari.

"Kwa hivyo kilikuwa kinalia."

"Kilikuwa kinalia, dada."

"Na mimi nikakuuliza kwa simu, badala ya kutafuta betri." Akafuta jembe kwa kiatu. "Hilo ni langu. Lako mpelekee Daktari. Na usinililie hapa, mtu mzima na tumbo kama ngoma."

Nikampigia Daktari nikiwa nimesimama katikati ya maharagwe, Sista akisikia kila kitu. Nikasema niliweka tano ya nobu, nikasema nilizima kengele, nikasema mchana nilidanganya. Halafu akasema, "Asante kwa kusema. Njoo kesho saa mbili tuandike taarifa. Sista atakaa nyumbani kwanza, na mimi pia nina langu la kujibu. Dawa kama hizi hazikufaa kukaa friji ya maziwa."

Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Nilidhani nikisema kweli, kitu fulani kitarudi mahali pake. Hakuna kilichorudi. Sista alichukua jembe akaanza mstari mwingine.

Sasa hivi, nikiandika haya, Mama Akisa amepiga simu. Anaongea kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya bandeji. Amesikia watu wa Malaba wananicheka kwa kumtuma huko, akaona anipe moyo. "Usijilaumu, baba," akaniambia. "Ni mwili wangu uliokataa dawa. Huu mwili tangu zamani ni mkaidi."

Nikamwambia nitapita kesho kumwona, akasema nimletee ndizi mbivu, vya kutafuna ni shida.

Kesho saa mbili niko kwa Daktari. Nikitoka hapo nanunua ndizi, naenda Malaba, nakaa mbele yake nimtazame lile shavu, nimwambie si mwili wake.