Honi ya Baba Huku Ugenini

Dada Nekesa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa majirani wote hapo Mbotela. Mimi ni mzima, ila baridi ya Uingereza inaingia mpaka kwenye meno, na eti hiki ndicho kiangazi chao.

Leo nimesafiri mbali kuja kuona treni za zamani za moshi. Kumbe huku wazee waliostaafu wanagombania beleshi la makaa kwa kujifurahisha! Nilikasirika, dada. Moshi wa makaa hayo ndio uliomharibu Baba kifua.

Dereva mmoja aliniona nimenuna, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia baba yangu aliendesha injini kama hii, na kwamba alizikwa mwezi uliopita nikiwa huku. Akavua kofia. Akanipandisha ndani, akanionyesha kamba ya honi.

Nikapiga ile ya Baba, mbili fupi na moja ndefu, kama alivyokuwa akipiga akikaribia nyumbani ili Mama abandike maji ya ugali. Halafu nikasimama pale na masizi mikononi kama mjinga, nikingoja nisikie sufuria.

Mungu awatunze. Kadi hii msomee Mama yote, lakini hapo kwenye honi uparuke. Uliniandikia kwamba hadi leo treni ikilia anabandika maji. Akisikia hapo, atainuka aende jikoni.

Ndugu yako,
Wafula